Miti ya Kuwaonyesha Wageni

Stanislaus alipoletwa Busunzu kutusimamia, mwaka tisini na saba, alishuka garini akiwa na buti mpya za mpira, na ilikuwa kiangazi. Nilimdharau tangu hapo. Alitaka tumwite Bwana Miti, wakati mche wa mgrevilia aliujua kwa sababu tu kibao kilikuwa kimeandikwa. Shirika lililomleta lilikuwa linapanda upya mlima ambao wakimbizi wa kambi ya Nduta na sisi wenyeji tuliumaliza kwa kuni. Mimi Pelagia nilikuwa nyapara wa kitalu. Chini yangu walikuwa wanawake kumi na wawili, na mzee mmoja kutoka kambini, Ndayiragije.

Huyo mzee naye sikumthamini, nisiseme uongo. Kwao Burundi alikuwa ametunza vitalu vya kahawa miaka thelathini. Alilisema hilo mara moja tu, siku ya kuandikishwa, nami nikampa ndoo akachote maji.

Mwaka ule viriba vya plastiki vilichelewa, tukaotesha miche moja kwa moja ardhini. Mvua za Novemba zilipokaribia, miti ilikuwa imefika kiunoni na ilibidi ihamishwe. Stanislaus akaleta chombo kutoka Kigoma mjini, sepeto la kuhamishia miti. Lilikuwa na bapa mbili za chuma zilizopinda, kila moja na mpini wake. Unazisimamisha pande mbili za mti, unazikanyaga mpaka zizame, unabana mipini, kisha watu wawili wanaunyanyua mti pamoja na udongo wake. Chombo kilikuwa kizuri. Ubaya ulikuwa kwa aliyekishika.

Alituita tutazame. Udongo ulikuwa mkavu, hakuna aliyeumwagilia. Akakanyaga, akabana, kisha badala ya kunyanyua kwa mipini akaushika mti shingoni na kuuvuta. Udongo wote ukamwagika juu ya buti zake. Mizizi ikabaki inaning'inia mitupu.

"Mmeona?" akasema. "Nusu dakika."

Ndayiragije akavua kofia. "Bwana, tungemwagilia jana, udongo ungeshikana. Na mizizi ya pembeni tungeikata mapema, mti ukapata muda wa kutoa mingine."

"Nani amekuuliza?" Stanislaus akamtazama toka miguuni hadi kichwani. "Kwenu mmeshindwa hata kukaa na majirani, leo unifundishe mimi miti?"

Wanawake walicheka. Na mimi nilicheka.

Tulipanda mia tatu kwa mtindo wake, mbio mbio. Ndayiragije tulimtupia mstari wa mwisho, juu kabisa kwenye mawe, ili asitucheleweshe. Huko alifanya anavyojua. Alimwagilia jioni, asubuhi akaunyanyua mti taratibu, akauviringishia udongo wake kwa maganda ya mgomba, akaubeba kifuani hadi shimoni. Kwa siku nzima alipanda minne, wengine, wawili wawili, walipanda thelathini. Alipomaliza alikuwa na miti arobaini.

Kufikia Februari ile mia tatu ilikuwa fimbo zilizochomekwa ardhini. Stanislaus aliandika kwenye ripoti kwamba mchwa wameshambulia. Ile arobaini ilikuwa na majani mapya. Nilikwenda huko juu mara nyingi kuitazama, nikishika maganda yaliyooza pale chini, nikijifunza bila kumwuliza mwenyewe. Kumwuliza kungenishusha.

Julai ikaja taarifa kwamba wageni wakubwa wa shirika watapita Alhamisi. Stanislaus akapanda mlimani mara yake ya kwanza tangu Novemba, akaikuta arobaini ya mzee imesimama, akafurahi kama aliyeiokota.

"Ishusheni barabarani," akasema. "Wageni hawatapanda huku."

"Kiangazi hiki?" Ndayiragije akauliza. "Itakufa."

"Alhamisi itakuwa hai?"

"Alhamisi itakuwa hai."

"Basi tatizo lako ni nini?"

Mzee akaweka ndoo chini. "Mimi siihamishi, bwana."

Akafukuzwa palepale, mbele yetu. Alikung'uta suruali, akatuaga kwa Kirundi mmoja mmoja, akashika njia ya kambini. Stanislaus akanigeukia. "Nyapara?"

Nikachukua sepeto.

Niliihamisha vizuri, kwa namna ya mzee, hatua kwa hatua. Muda wote nilikuwa namtukana Stanislaus kimoyomoyo, jinsi anavyotembea, jinsi anavyopangusa paji la uso bila kuwa na jasho, na nilidhani kumdharau kunatosha kunitenga naye. Lakini mikono iliyobana chuma kwenye ile mizizi ilikuwa yangu.

Alhamisi wageni walishuka magarini, wakapiga picha, wakapiga makofi. Mmoja akauliza nani amepanda. "Wananchi, chini ya usimamizi wangu," Stanislaus akajibu. Jumapili, tukirudi kanisani, majani yalikuwa yamejikunja. Baada ya wiki tatu jirani yangu Vestina alipita na panga, akajifungia mzigo mwembamba wa kuni.

Stanislaus alipandishwa cheo, akapelekwa Kasulu kwenye ofisi yenye zulia. Kitalu nikaachiwa mimi.

Ndipo nilipokwenda kambini. Ndayiragije na mkewe Ininahazwe walikuwa wanapukuchua maharage mbele ya nyumba ya turubai. Mama akanipa kigoda. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, nilitaka kabisa kutukanwa.

"Imeshika mingapi?" mzee akauliza.

"Hakuna hata mmoja, muzehe," nikajibu, nikimwita mzee kwa Kirundi chao.

"Ulimwagilia kwanza?"

"Nilimwagilia."

"Udongo ulitoka mzima?"

"Mzima."

"Basi ulifanya vizuri," akasema, akaendelea na maharage yake.

Hakuna mtu aliyewahi kunidharau kama alivyonidharau yule mzee kwa maneno hayo matatu, na hata sauti hakuipandisha. Nilimwambia kazi yake ipo, arudi Novemba, sasa msimamizi ni mimi. Ininahazwe akamtazama mumewe.

"Kama ni kupanda, nitakuja," mzee akasema.

Alikuja. Tulifanya naye kazi misimu miwili, sepeto mkononi mwake na ndoo ya maji mkononi mwangu, na miti ilishika. Wanawake aliwafundisha kila alichojua. Mimi alinisalimia kila asubuhi kwa heshima, na hakunifundisha kitu.