Kura ya Mfuko wa Pensheni

Mimi sipendi kuzungushwa, kwa hivyo nasema wazi: yule mtu tulimwogopa. Uso alikuwa nao, lakini akishatoka kiwandani, ukiulizwa anafanana vipi, unakosa jibu.

Kiwanda chetu cha ngozi kilikuwa Kitengela. Miaka mingi nimekwangua ngozi pale, na kisu kiliniachia kovu pana kwenye kidole gumba. Yeye alikuwa mwakilishi wa mfuko wa pensheni, wenye hisa nyingi kuliko sisi sote. Akitembelea idara, haikai, inafungwa. Mbwa wa lindo wakimwona, wanaingia chini ya lori bila kubweka. Na kila watu wakifutwa kazi, redio inasema bei ya hisa zetu imepanda. Woi! Mtu analia, bei inapanda.

Mwaka wa 2004 mkutano wa wenye hisa ukaitwa uwanjani hapo kiwandani, ndani ya hema. Neno lilikuwa moja: kiwanda kifungwe, ardhi iuzwe.

"Mukonyo, kila mfanyakazi ako na hisa kidogo," Okoth wa mashine ya kukausha aliniambia. "Tukuje wote, tuinue mikono."

Tukaenda, tukapewa soda na fulana kama kila mwaka. Mwenyekiti alipouliza nani anapinga, hema zima likainua mikono. Vigelegele! Nikamkumbatia Okoth bila hata aibu.

Yule mtu akasimama polepole. Akaomba kura ihesabiwe kwa hisa, si kwa vichwa. Sheria inamruhusu, mwenyekiti akasema. Hapo ndipo hasira ilinipanda.

"Wewe ni nani hasa? Nani amekutuma utumalize?"

Akanigeukia. "Ni wewe, Mukonyo. Si unakatwa pensheni kila mwezi? Si ulitaka ikue? Mimi naikuza."

Baridi ikaniingia, na jua lilikuwa kali.

"Wanaokubali kifungwe," mwenyekiti akasema.

Yule mtu akainua mkono. Nikauangalia vizuri. Kwenye kidole gumba kulikuwa na kovu pana la kisu.

Haraka nikatafuta mkono wangu pajani, pale nilikuwa nimeuweka. Haukuwepo. Ulikuwa juu, umenyooka, na haukutaka kushuka. Nikamgeukia Okoth anisaidie kuuvuta.

Wake pia ulikuwa juu.