Ukuta wa Matundu

Muuguzi Vestina alinipigia simu jioni kunieleza kwamba akina mama wameziba matundu yangu kwa udongo na vitambaa. Nikapandwa na hasira kama mtu aliyeibiwa. Wageni waliotoa fedha za jengo lile walikuwa wanakuja kesho yake kulitazama na kulipiga picha. Nikampigia Evaristi, fundi wangu, nikamwambia abebe nyundo na mtaimbo, asubuhi na mapema tunakwenda kijijini Makere kuzibua.

Jengo lenyewe ni nyumba ya kungojea uzazi. Mjamzito anayeishi mbali analetwa pale siku zake zikikaribia, akae na mama yake au shangazi, karibu na zahanati. Fedha hazikutosha madirisha. Nikafanya ninachofanya kila siku Kasulu, mji unaokua haraka kuliko mfuko wake: nikachora ukuta ambao wenyewe ni dirisha. Matofali ya kuchoma yameachiana nafasi kuanzia sakafuni hadi juu, hewa na mwanga vipite bure. Dar es Salaam nilikosomea waliusifu sana ukuta wa namna hiyo. Kule watu wanatafuta upepo. Huku kwetu, mwezi wa saba, watu wanaukimbia.

Na nilikuwa nimeonywa. Bibi Esteri, aliyekuwa akituletea maji ya kujengea, alisimama siku moja akautazama ukuta kwa muda mrefu.

"Mwanangu, usiku taa ikiwashwa, aliye nje ataniona. Mimi sitamwona."

Nikamtania kwamba hakuna mwenye shida ya kumchungulia bibi aliyelala. Hakucheka. Akanisimulia kwamba alipokuwa msichana, wakikimbia kutoka Burundi, walijificha katika ghala lenye matundu kama yale. Waliokuwa wakiwasaka walichungulia kwanza, kisha wakaingiza mitutu ya bunduki. Nikampa pole, nikarudi kwenye kamba na timazi yangu. Sasa alikuwa amerudi pale pale na binti yake Niyubahwe, mwenye mimba ya kwanza, na wiki ile ndani walikuwa wao wawili tu.

Tulifika mimi na Evaristi tumepakizana mishikaki kwenye bodaboda moja, vidole vimekufa ganzi. Jua lilikuwa limechomoza lakini ukungu haujaondoka. Ukuta wangu ulikuwa umekandikwa wote, tena umesawazishwa vizuri. Nikaanza kubwata peke yangu. Vestina akatoka zahanati akijifunga kanga mabegani.

"Waache walale, dada Firdausi. Jana walilalamikia sana baridi."

Ndipo nikatupa jicho kwenye banda la kupikia. Kiroba cha mkaa kilikuwa wazi. Jiko halikuwepo.

"Jiko liko wapi?"

Vestina akatazama banda, akatazama ule ukuta usio na upenyo, akatupa kanga chini na kukimbia. Hapo hasira iliniisha, nikabaki na hofu tupu. Mkaa hauhitaji kutoa moshi ili uue. Chumba kikifungwa kabisa, aliyemo husinzia tu, na hewa niliyoipangia njia tofali kwa tofali ilikuwa haina pa kupita.

Tuligonga mlango, tukaita. Kimya. Ulikuwa umekomelewa kwa ndani. Evaristi akachomeka mtaimbo kwenye bawaba, mimi nikachukua nyundo, nikakimbilia ukutani. Pigo la kwanza, udongo ukamomonyoka na joto likanipiga usoni. Nikashukuru Mungu. Nikasogea kwenye tundu la pili.

Nilipogeuka, tundu la kwanza lilikuwa linazibwa tena. Mkono uliokunjamana ulikuwa unasukuma kitambaa kutoka ndani.

"Bibi Esteri, ni mimi, Firdausi! Acha wazi!"

Nikapiga jingine, nalo likazibwa. Nilisikia miguu ikiburutwa ndani, na sauti ya Niyubahwe ikiguna, nzito, kama ya mtu anayeota. Evaristi akapaza sauti kwa Kiha, akataja jina lake na la baba yake. Hakuna aliyejibu. Kila nilipopiga, bibi yule aliziba kwa bidii zaidi, na kila alipoziba alimnyima pumzi mwanaye aliyekuwa akimlinda. Nikitulia, watakufa wamelala. Nikipiga, ninamtia wazimu wa hofu. Nikaendelea kupiga, machozi yananitoka, nikimwomba msamaha kwa sauti ambayo nadhani hakuisikia.

Bawaba zikang'oka, mlango ukaanguka ndani.

Jiko lilikuwa katikati ya vitanda, makaa yamevaa jivu jeupe. Niyubahwe alikuwa amelala sakafuni, pembeni kabisa, mbali na matundu. Mama yake alikuwa amejibandika ukutani, mikono ameitandaza juu ya matofali. Tuliwaburuta hadi nje kwenye majani yenye umande. Vestina akapiga magoti, akaweka kipimo chake tumboni mwa Niyubahwe, akainamisha sikio. Sijawahi kuogopa ukimya wa mtu kama nilivyouogopa ule.

"Yupo," akasema. "Moyo unakwenda mbio, lakini yupo."

Niyubahwe akatapika, akaanza kumwita mama yake. Vestina na Evaristi wakambeba kumpeleka zahanati. Mimi nikabaki na Bibi Esteri. Macho yake yalikuwa wazi lakini hayajatulia, yananipita na kutafuta kitu nyuma yangu.

"Mwanangu, wale waliokuwa wanapiga ukuta, wamekwenda?"

Nyundo ilikuwa bado mkononi mwangu. Nikaificha nyuma ya mgongo.

"Wamekwenda, bibi."

Akaushika mkono wangu mwingine kwa nguvu, akaniomba nisimwache peke yake.