Kidole Gumba Begani mwa Obwocha

Kitu cha kwanza Nyanchoka alichokiona kilikuwa kidole gumba. Kilikuwa begani mwa marehemu baba yake, Obwocha, kina udongo kwenye ukucha. Nyanchoka alikuwa ameinamia karai nyuma ya studio ya mpiga picha Shueib, alikofanya kibarua, pale Keumbu, akiosha picha. Akaendelea kuosha.

Picha iliagizwa na baba yake mkubwa, Angwenyi, kwa ibada ya ukumbusho. Alileta ya zamani, Obwocha amesimama kati ya miche ya chai. Upande mmoja ulikuwa umekatwa kwa makasi. Siku ya ibada Angwenyi angemkabidhi mwanawe shamba hilo, maana alisema Obwocha aliipanda chai peke yake, na mjane wake, Mokeira, mama yake Nyanchoka, aliikuta imekomaa. Mokeira hakuwa na shamba lingine.

Shueib alikuwa akijaribu kuchapa picha kwa maziwa. Ya pakiti yalimshinda. Rangi yote ilitoka majini. Ndipo Nyanchoka akaleta ya ng'ombe wa mama yake. Aliyaengua mafuta, akayakatisha kwa limau, akasuuza mgando, akauyeyusha kwa magadi yale yale ya kulainishia mboga, akatia masizi. Shueib aliongeza dawa ya rangi ya chungwa, inayofanya mchanganyiko ushike karatasi ukipigwa na jua. Wakapaka, wakakausha gizani, wakalaza juu yake negativu waliyoitoa kwenye picha ile ya zamani na kuanika. Palipopigwa na jua palishika. Pengine pote palitakiwa kutoka majini.

Kidole hakikutoka.

"Sugua na brashi," alisema Shueib.

Alisugua. Kikaja kiganja, ukaja mkono, akaja Mokeira mzima, bado msichana, mche mkononi, na mgongoni leso ambamo kilichomoza kichwa kidogo cha mtoto.

Shueib aliinua negativu kwenye mwanga. "Hapa hakuna mtu wa pili."

"Hakuna."

"Basi ni maziwa. Ng'ombe wa mama yako ni mbishi."

Angwenyi alipokuja kuchukua picha, aliitazama kwa muda.

"Mimi niliagiza mtu mmoja. Huyu amealikwa na nani?"

"Amekuja na maziwa, mzee," alisema Shueib. "Wa pili sikulipishi."

"Tumia maziwa yangu."

Kesho yake akaleta chupa. Ng'ombe wa Angwenyi alikuwa ndama wa yule wa Mokeira, ambaye Angwenyi alimswaga kutoka zizini mwa mjane matanga ya Obwocha yalipokwisha. Katika picha ya pili Mokeira alitokea tena, palepale, ila sasa alikuwa ameshika kamba tupu ya ng'ombe, na macho yake yalimtazama anayetazama.

Hapakuwa na muda wa kuchapa ya tatu. Angwenyi aliichukua ya kwanza, akaitundika kwenye hema na kuufunika upande wa Mokeira kwa shada la maua. Watu waliimba, wakaomba, wakala wali. Angwenyi alisema alichokuja kusema, wazee wakaitikia, na shamba likawa la mwanawe. Halikurudi hata baadaye. Shada lilipoteleza kidogo, mzee mmoja alisema, "Mokeira ametoka vizuri," akaomba soda nyingine.

"Mwenye neno aseme, tufunge kwa sala," alisema Angwenyi.

Mokeira alikuwa ameinamisha kichwa. Nyanchoka, ambaye tangu alipotolewa darasa la sita kwenda kuchuma chai ile hakuwahi kusema neno mbele ya watu, alisimama. Alipita katikati ya viti, akaling'oa shada, akaliweka mapajani mwa Angwenyi.

"Keti, wewe mtoto," alisema Angwenyi. "Wewe unajua nini? Hukuwa umezaliwa."

"Nilikuwa nimezaliwa, baba mkubwa. Huyo mgongoni ni mimi. Mvua ilikuwa inanyesha, na kila mama alipoinama, niliona mche ukiingia ardhini."