Aliyeshika Mlango wa Banda

Hasira zilimpanda Louise hadi akasahau kwamba ua umejaa wageni. Alikuwa amemlea kuku mmoja mweupe miezi minane, akimlinda na mwewe na kuwagombeza hata wanawe, kwa ajili ya siku moja tu: siku ambayo mkwe wake Rosine angefika Wamaza mara ya kwanza. Akampelekea kwa mikono miwili, goti limegusa chini, kama ilivyo desturi. Na Rosine, badala ya kupokea, akapiga yowe, akaruka nyuma, akaangusha sufuria ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, mbele ya ukoo mzima. Kwao, aliyekataa kuku amekataa nyumba nzima.

Ni kweli mwanawe Joël alimwonya wiki iliyopita. "Mama, Rosine iko na woga ya kuku. Si zarau, ni kama ugonjwa. Mupe hata ndizi." Louise alicheka sana. Nyoka tunaogopa, watu wa bunduki tunaogopa. Lakini kuku? Kuku ni kitoweo!

"Tumufungie mu nyumba ya kuku," akasema André, shemeji yake, akijifuta mdomo. "Kidogo tu, atazoea. Ni maringo ya batoto ya muji ya Kasongo."

Joël alikuwa ameenda na pikipiki kuleta mchele. Louise akakubali upesi mno. Wanawake wawili wakamburuta Rosine hadi bandani, na Louise mwenyewe akaegemeza mgongo kwenye mlango. Ndani kuku walipiga mabawa ovyo. Rosine aligonga, akalia, akaita, "Mama! Mama, nakufa!" Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Kisha kugonga kukakoma.

Louise akafungua. Rosine alikuwa amelala kwenye kinyesi cha kuku, kucha zimekatika, pumzi inakwama kifuani, kitenge kimelowa. Macho yalikuwa wazi, lakini hayakumwona mtu. Maringo gani hayo? Nani anajikojolea mbele ya wakwe zake kwa maringo?

"Ataamuka," André akasema, kicheko bado kinamtoka.

Hapo damu ilimchemka Louise kuliko mwanzo. "Nyamaza! Dada yako alikufa ngambo ya Lualaba, haukuenda kumuzika, juu ya kuogopa mutumbwi. Ulisema tumbo inakuuma. Siye wote tulijua, na hakuna mutu alikufunga mu mutumbwi ili uzoee!"

André akainamisha kichwa. Hakuna aliyecheka tena, na hilo nalo lilimuudhi Louise, kwa sababu aibu yao ilikuwa imechelewa, na yake mwenyewe pia.

Walimbeba Rosine hadi kwenye kivuli cha ukuta wa nyumba, wakamnywesha maji. Alikuwa ameanza kupumua vizuri pikipiki ya Joël ilipoingia uani. Joël aliangusha gunia la mchele.

"Nani alifanya hivi?"

Wageni wakaangaliana. Wote walitaka kusema André.

"Ni miye," Louise akasema. "Uliniambia, nikacheka. Ni miye nilishika mulango."

Joël alimgeuzia mama yake mgongo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu azaliwe, na Louise akaona ni haki yake.

Akaenda akapiga goti mbele ya mkwe wake, akanyoosha mikono yote miwili kuomba radhi. Rosine hakumtazama usoni. Alijikunyata ukutani, akaitazama kwanza ile mikono, kuona imebeba nini.