Avenue Kajangu

Mwaka 1973 maman Apolline aliitwa kwenye baraza la mji wa Bukavu. Lilijadili kuipa avenue, barabara moja ya mji, jina la marehemu mume wake, Xavier Kajangu, aliyewaongoza wafanyakazi wa mashamba ya chai kukataa fimbo za wazungu, akafia gerezani.

Mwakilishi wa chama akapinga. "Majina ya ubatizo, ya kizungu, imekatazwa na serikali. Tuandike Kajangu tu."

Apolline akamtazama mwenyekiti wa baraza. Naye aliitwa Kajangu, ingawa hawakuwa na undugu wowote, na alikuwa akitabasamu.

"Papa mwenyekiti," akasema, "batu batajua namna gani ni Kajangu gani? Muandike basi kama alikufa juu ya haki ya batu ya kazi."

"Kibao iko kidogo, maman," mwenyekiti akajibu.

"Basi muache. Sitaki."

Mikono yote ya wajumbe ikapanda kulikubali jina. Hakuna aliyemtazama.

Wiki mbili baadaye, akitoka misa, Apolline aliwakuta vijana wa chama wakicheza ngoma chini ya kibao kipya, wakimwimbia mwenyekiti kana kwamba jina lile ni lake. Mwanamke mmoja akamvuta mkono aje. "Maman, kuya tucheze!"

Apolline akajitoa taratibu, akaenda zake.