Jiwe Lililokataa Kuganda

Kosa lilikuwa langu. Nalisema mapema kwa sababu sipendi watu wanaozungukazunguka weee, halafu wanakiri wakati wenzao wameshavaa viatu waondoke.

Kaka yangu alikuwa profesa wa fizikia, na mimi nilikuwa fundi wa maabara yake. Yeye aliotesha mawe kwenye tanuri, vijiwe vyeusi vinavyong'aa, kimoja hakizidi punje ya dengu. Mimi nilivibandika kwa gundi kwenye kidole cha shaba, kile kinachopitisha baridi ndani ya jokofu letu, ambalo ukililinganisha na lile la jikoni kwako, la kwako ni jiko la mkaa. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya miaka kumi na sita, na niliifanya vizuri, isipokuwa siku moja.

Ndani ya mawe yale mlikuwa na sumaku ndogo zisizohesabika, zimepangwa pembetatu pembetatu, na kila moja inataka kuelekea kinyume cha jirani yake. Zikiwa mbili hakuna taabu: hii itaelekea juu, ile chini. Shida ni ya tatu, maana ikimpinga huyu, tayari imekubaliana na yule.

"Mimi nina mke na nina dada," kaka aliwaambia wanafunzi kila mwaka. "Mke wangu akisema dirisha lifungwe, dada yangu atasema lifunguliwe. Wenyewe wametulia kabisa, wameshazoeana. Anayeteseka ni mimi hapa katikati, sijui nimpinge nani."

Wanafunzi walicheka. Hakuwa akitia chumvi. Mimi na wifi yangu tulibishana juu ya dirisha, juu ya rangi ya ukuta, juu ya dawa ya kikohozi. Akisema mvua itanyesha, mimi nilianika nguo.

Mawe mengi ya namna hiyo yakipozwa sana, ubishi huisha. Kila sumaku hupinda kidogo, ikawapa majirani zake kisogo nusunusu, na zote zikaganda katika mpango huo. Lakini kaka aliamini kwamba, kwa sheria za kwanta, zile zinazotawala vitu vidogo kabisa, liko jiwe ambalo halitaganda hata ulipoze vipi. Sumaku zake zitaendelea kugeuka zote pamoja bila kuchagua upande. Alilitafuta jiwe hilo mpaka nywele zikamwisha kichwani.

Miaka mitatu iliyopita akatoa tanurini kijiwe kizuri kuliko vyote. Maabara yetu ina sheria, nimeiandika mwenyewe ukutani kwa wino mwekundu: GUNDI ILALE. Ukishabandika, unaiacha ikauke mpaka kesho yake ndipo unafunga jokofu. Mchana ule kaka alisimama mlangoni akivaa miwani na kuivua, akivaa na kuivua, mpaka nikamhurumia. Saa tisa alasiri ya siku ileile nikafunga. Mimi, niliyekuwa nikiwaimbia wanafunzi kwamba haraka haraka haina baraka.

Tulipoanza kupoza, mstari wa usumaku wa jiwe kwenye kompyuta ulipanda, ukapanda, kisha ukalala bapa. Jiwe la kuganda lingeonyesha kona kali mahali fulani. Hili halikuonyesha kona yoyote mpaka kwenye baridi ya mwisho tuliyoweza kuifikia. Kaka alilia kwa furaha, akanikumbatia na glavu zangu zenye gundi. Makala ikachapishwa, akaalikwa huku na huko kuzungumza, na wifi akamnunulia koti.

Koti hilo halikumkaa kwa muda mrefu. Ugonjwa wa ini ulianza kumla kidogo kidogo, na mwaka huu akalala kitandani moja kwa moja. Ndipo ikaja barua kutoka maabara nyingine, ya heshima tupu. Walikuwa wameotesha jiwe kama letu, nao waliona kona. Je, tulikuwa na hakika jiwe letu lilipoa?

"Pima tena, dada," kaka aliniambia kutoka kwenye mto. "Wajinga hao hawajui kubandika."

Nikafungua jokofu. Toka siku ile tulikuwa hatujalitoa jiwe, kaka alisema lisiguswe. Nilikuta gundi imepasuka katikati, na jiwe limening'inia kwenye uzi mmoja wa gundi, mwembamba kama unywele. Kipimajoto kilikuwa kimefungwa kwenye shaba, kikasoma baridi ya shaba. Jiwe lenyewe lilibaki na vuguvugu lake, kama mtu aliyelala na blanketi wakati nyumba nzima inatetemeka. Mstari ulilala bapa kwa sababu jiwe liliacha kupoa. Halikukataa kitu.

Nililibandika upya. Gundi ikalala. Siku ya tatu, asubuhi, mstari ulipanda na kukata kona kali, mahali palepale walipopataja wale wenzetu. Nikakaa sakafuni, nikalia kwa sauti, maana sikuwa na wa kumwonea haya.

Nilipofika nyumbani kwa kaka, kijiwe kikiwa kwenye kichupa mfukoni, wifi alinisoma usoni kabla sijavua viatu. Akanivutia jikoni.

"Limeganda?"

"Limeganda, wifi. Kosa ni langu."

Sikumwona akikasirika. Alishika ukingo wa meza. "Daktari amesema ni suala la siku tu. Usimwambie. Nakuomba, wifi yangu. Mwache aende akiamini."

Nikasema sawa. Nilisema sawa upesi sana, na nilijua ni kwa ajili ya kaka na kwa ajili yangu pia.

Kaka alikuwa ameegemezwa mito, macho ya manjano, mikono imebaki mifupa. "Haya, lete habari."

"Halijaganda," nikasema.

"Si nilikwambia, mume wangu?" wifi akadakia. "Wifi yangu hakosei."

Kaka alinitazama, akamtazama mkewe, akarudi kwangu. Kisha akaanza kucheka, kicheko kidogo kilichomuumiza ubavuni.

"Miaka yote hii sijawasikia mkisema jambo moja," alisema. "Basi limeganda."

Wifi akaficha uso kwenye upande wa khanga. Mimi nikapiga magoti pale kitandani nikamweleza yote: gundi, saa tisa alasiri, uzi kama unywele. Nilimwambia nimemharibia maisha yake. Alisikiliza mpaka mwisho, na sitawadanganya kwamba hakuumia. Aligeukia ukuta, machozi yakiingia sikioni.

"Nilikuwa nimesimama mlangoni," alisema hatimaye. "Maandishi mekundu niliyaona. Andika barua kwa jarida, useme tulikosea. Jina langu litangulie."

Nikaandika palepale. Akatia saini iliyopinda, kisha akaomba jiwe. Nililidondosha kwenye kiganja chake, akalifungia vidole.

"Hapa pana joto," alisema. "Hapa bado zinageuka."

Ilikuwa kweli, kisayansi kabisa. Hakulitoa tena mkononi, hata akilala. Alifariki siku mbili baadaye, mchana, mimi nimekaa upande huu na wifi upande ule.

Wifi ndiye aliyemkunjua vidole. Jiwe lilikuwa pale, na mkono ulikuwa umeshaanza kupoa.

"Atazikwa nalo," wifi akasema.

"Haiwezekani," nikasema. "Barua imeshakwenda. Watu watataka kulipima. Litabaki maabara."

"Ni la mume wangu."

"Ni la kazi yake."

"Wewe na kazi! Hata leo?"

"Na wewe hata leo?"

Sauti zilikuwa zimepanda. Kisha tukageukia kitandani wote wawili kwa pamoja, tukimsubiri aseme nani kati yetu ana haki.