Mkono wa Shati Mtupu

Vita vya pili vya dunia vilikuwa vimekwisha, na Lameki alikuwa ameacha jeshi la Keya la Waingereza akajiunga na polisi. Alipomaliza mafunzo Moshi, alipangiwa kituo cha Njombe. Lori lilimshusha Makambako, naye kabla ya kuendelea na safari akapita Lyamkena kumsalimu mzee Anania, baba wa mchumba wake Dorika. Mahari ilikwisha pokelewa. Lililobaki ni mchungaji kutangaza ndoa kanisani Jumapili.

"Kamwene, baba."

"Kamwene," mzee aliitikia, lakini macho yake yalikuwa kwenye mkono wa shati lake la sare. Mara ya mwisho Lameki alipokuja likizo, mkono ule ulikuwa na tepe tatu za sajini. Sasa ulikuwa mtupu.

Mzee alimpa kigoda.

"Ulifanya nini, mwanangu?"

"Sikufanya kitu, baba. Nimehamia polisi, na polisi kila mtu huanza na ukonstebo."

"Vita ile ya kwanza nilikuwa mpagazi wa Waingereza. Nilimwona askari akikatwa tepe mbele yetu sote. Aliiba unga. Sijaona bado tepe zikimtoka mtu kwa jambo jema."

Lameki alieleza polepole. Sajini wa jeshi, alisema, huwaongoza wenzake kwenda kupambana na adui. Konstebo hutembea peke yake, akaamua ugomvi wa watu atakaokutana nao tena kesho sokoni. Kazi hizo ni mbili, na cheo cha kule hakihesabiwi huku. Hata sajini wa polisi akienda jeshini, ataanzia chini.

Mzee alimsikiliza mpaka mwisho.

"Umeeleza vizuri. Lakini Jumapili hii hamtatangazwa. Nitaulizia kwanza."

Lameki alianza kuhesabu siku. Aulizie kwa nani? Kabla jibu halijafika, kijiji kizima kingekuwa kimekwisha mtungia wizi wake.

Ndipo sauti ilipotoka jikoni. Alikuwa Fidelia, mke wa mzee na mama yake Dorika. Kwa desturi hakai pamoja na mkwe wake, kwa hiyo muda wote alikuwa nyuma ya ukuta akimenya viazi.

"Baba Dorika, kule Lupembe tulikotoka, si ulikuwa mzee wa kanisa?"

"Nilikuwa."

"Tulipohamia hapa ulikaa benchi lipi?"

Mzee alikohoa. "La nyuma. Mpaka waliponichagua."

"Ulikuwa umeiba sadaka?"

Lameki aliinamisha uso asionekane anacheka.

"Mama Dorika, menya viazi."

"Namenya. Kwani ninamenya kwa masikio?"

Mzee alijisugua magoti, akamgeukia Lameki.

"Walikwambia mapema kwamba utashuka?"

"Waliniambia, baba."

"Ukakubali hivyohivyo?"

"Ningebaki sajini, wangenipeleka mbali tena. Nilitaka Njombe. Na Dorika yuko huku."

Mzee alimtazama usoni, siyo mkononi.

"Basi mchungaji atangaze. Ila Jumapili uje na shati la kawaida. Wapagazi wa zamani wamejaa kanisani mle, na mimi sina pumzi ya kumweleza kila mmoja."

"Ndiyo, baba."

"Tena utakula hapa. Viazi vyenyewe naona vimemenywa vingi."